Kiungo cha meno kinaachia au kinakatika: soma palipovunjika kabla hujabadilisha chochote

Mezani kwangu kuna fuvu la mbuzi, lilibaki baada ya supu nikalichemsha tena na sabuni ya unga, nikalianika juani siku kadhaa mpaka likawa jeupe, na kila anayelishika swali lake la kwanza ni lile lile, hii mistari iliyojipinda ni nyufa? Namwambia hapana, hiyo ni mishono, pitisha ukucha uone. Ukipitisha ukucha unasikia unapanda unashuka unapanda unashuka, ukichukua lenzi unaona mfupa wa huku umeingiza vidole kwa mwenzake na mwenzake kaingiza vyake huku, na mbuzi akiwa hai ile nafasi ndogo ya katikati imejaa nyuzi za kolajeni ambazo ni laini sana ukilinganisha na mfupa wenyewe. Yani vitu viwili vigumu vimeungwa kwa kitu laini, alafu mnyama huyo huyo anaenda kugongana vichwa na mwenzie mchana kutwa na fuvu haliachii.

Mimi nachapa vipande kwa printa ya 3D, na kwa kuwa kitanda cha printa yangu ni kidogo kitu chochote kirefu lazima nikigawe alafu nikiunge, kwa hiyo viungo vya meno, yani kingo mbili zilizochongwa kama msumeno zikaingiliana na kugundishwa, vimekuwa shughuli yangu ya kila wiki. Haya naandika kwa mtu ambaye ameshachora meno, ameshaunga, na kiungo kimemkatalia. Tabu ninayoiona kwa wengi, na mimi nilipita humo humo muda mrefu, ni kwamba kikivunjika tunakimbilia kubadilisha, tunaongeza meno, tunaongeza gundi, tunanunua gundi ya bei, bila kuviangalia vile vipande viwili vilivyobaki mkononi. Na vinasema kila kitu. Kiungo cha meno kina sehemu mbili tu zinazoweza kufa, jino au gundi, na umbo la jino ndo linaamua ipi itangulie.

Kwanza, jino linafanya kazi gani

Chukua vipande viwili vilivyokatwa bapa, vigusanishe, paka gundi, vuta. Hapo gundi yote inabanduliwa, na gundi karibu zote hazipendi kubanduliwa. Sasa ule mpaka wa katikati uukunje uwe meno ya msumeno. Nguvu ile ile uliyovuta nayo inagawanyika, sehemu inabandua na sehemu inatelezesha upande mmoja juu ya mwingine. Kadiri jino linavyochongoka kubandua kunapungua, na mpaka wenyewe unazidi kuwa mrefu kwa hiyo gundi nyingi zaidi inashiriki kazi.

Kwa namba sasa, na pembe ninayoisema hapa ni ya ubavu mmoja wa jino, yani nusu ya pembe nzima ya ncha, ukipima toka kwenye mstari wa kuvuta. Ubavu ukiwa digrii 30, gundi inabanduliwa kwa robo ya mkazo (nguvu kwa kila eneo) uliovuta nao, inatelezeshwa kwa asilimia 43, na mpaka umekuwa mrefu mara 2 ya ule wa bapa. Ukishuka mpaka digrii 10, kubandua kunabaki asilimia 3, kutelezesha asilimia 17, na mpaka ni mrefu karibu mara 6. Gundi ile ile, plastiki ile ile, ulichobadilisha ni mchoro tu.

Na kuna kitu hakipo kabisa kwenye hizo namba: idadi ya meno. Meno 3 makubwa na meno 12 madogo yenye pembe moja, upana ule ule, yana urefu sawa wa mpaka na gundi yake inabeba mkazo sawa. Mimi kuliamini hili kulinigharimu filamenti nyingi, ule uzi wa plastiki wa printa.

Yaning Li, Christine Ortiz na Mary Boyce walilipigia hesabu hili walipokuwa MIT kule Marekani, alafu wakachapa vielelezo vya maumbo tofauti, pembetatu, mstatili, trapeza na trapeza iliyogeuzwa, wakavivuta mpaka vikakatika. Pembetatu ina sifa yake ya pekee. Mkazo ndani ya jino unakuwa sawa toka shinani mpaka nchani, kwa sababu jino linapungua unene kwa mwendo ule ule ambao mzigo wake unapungua. Hakuna sehemu ya jino inayolala wakati nyingine inaumia.

Namna ya kupima bila mashine

Huwezi kutibu kitu usichokipima, na mashine ya kuvuta hatuna wengi wetu. Fanya hivi. Chapa kipande chenye upana wa mm 12 na unene wa mm 2, hiyo ni mm 24 za mraba. Chukua bomba la chuma au mti mgumu wa mita 1, upande mmoja ufunge kwa bolti iliyo imara ili uweze kuzunguka, kipande chako kining'inize toka juu kije kishike ule mti sentimita 10 toka kwenye bolti, na mwisho kabisa, sentimita 100, ning'iniza ndoo. Nguvu inayofika kwenye kipande ni mara 10 ya uzito wa ndoo. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo kila lita unayomimina inaongeza kama nyutoni 100 kwenye kiungo. Mimina kwa kikombe, polepole, kikikatika pima maji. Usisahau kuhesabu ndoo yenyewe, na uzito wa mti uzidishe kwa 5 kwa sababu uzito wake uko katikati. Chini ya ndoo weka tairi kuukuu, na vaa miwani, plastiki ikikatika inaruka.

Kipande cha kwanza kukivuta kiwe kizima, bila kiungo. PLA nzuri, ile plastiki ya kawaida ya printa, inaenda kwenye megapaskali 50 hivi (megapaskali 1 ni nyutoni 1 kwa kila mm ya mraba), ambayo kwa kipande hiki ni nyutoni 1,200, lita 12. Hiyo ndo dari yako. Kila kiungo utakachopima ukilinganishe na hiyo namba ya kipande kizima cha filamenti yako mwenyewe.

Dalili: meno yametoka mazima, kama vidole vikitoka kwenye glavu

Angalia gundi imebaki wapi. Kama yote iko upande mmoja na mwingine umebaki msafi unang'aa, hiyo kesi haihusiani na umbo, gundi haikushika. Piga kuta za meno msasa namba 120, futa na spiriti, acha ikauke, usiguse kwa vidole, unga upya. Usichore kitu kipya kabla hujafanya hilo maana utakuwa unatibu ugonjwa wa mtu mwingine.

Kama gundi imechanika katikati, nusu huku nusu kule, na ukiangalia kwa lenzi unaona imekwaruzika kufuata upande wa kuvuta, hapo gundi imefanya kazi mpaka pumzi ya mwisho, pembe ndo butu mno. Chongoa jino.

Uchongoe mpaka wapi? Kuna hesabu fupi inayonisaidia kila mara. Sini ya pembe nzima ya ncha iwe sawa na mara mbili ya uimara wa gundi ikitelezeshwa, gawanya kwa uimara wa plastiki ikivutwa. Tuseme gundi yako juu ya plastiki hiyo inavumilia megapaskali 8 na plastiki inavumilia 50. Mara mbili ya 8 ni 16, gawanya kwa 50 unapata 0.32, kikokotoo cha simu (kitufe cha sin⁻¹) kitakupa karibu digrii 19. Jino lenye shina la mm 6 litakuwa na urefu wa kama mm 18. Kwenye pembe hiyo jino na gundi vinafika mwisho wao karibu wakati mmoja. Ukiwa na pembe pana zaidi ya hapo gundi inatangulia na plastiki yako umeinunua bure, ukichongoa kupita hapo jino linatangulia na hakuna kinachoongezeka, unapata tu meno marefu ambayo ni tabu kuyachapa na tabu kuyaingiza.

Ukitaka kuona kwamba hesabu hii inaishi mtaani nenda kwa fundi anayeunga mbao za paini kwa finga joint, yani kiungo cha meno cha mbao. Profaili moja inayotumika sana ina meno ya urefu wa mm 15, toka jino mpaka jino mm 3.8, na ncha bapa ya mm 0.42. Piga hesabu utaona ubavu wa jino unapanda 1 kwa kila 10, pembe nzima kama digrii 11. Kwa nini ni kali kuliko ya kwetu wa plastiki? Kwa sababu mbao ikivutwa kufuata nyuzi zake ina nguvu sana, lakini nyuzi zikitelezeshwa moja juu ya nyingine zinaachia mapema, uwiano unakuwa mdogo na pembe inafuata. Waliochonga profaili ile walifika pale kwa kuvunja mbao nyingi sana, na hesabu inawapa haki.

Dalili: meno yamekatika shinani, gundi iko salama

Swali la kwanza ni yamekatika kwa lita ngapi. Kama umefika karibu na kipande kizima basi huna tatizo, umemaliza, kiungo chako kina nguvu ya plastiki yenyewe na hakuna umbo litakalokupa zaidi ya hapo. Kuna watu wanaona jino limekatika wanahuzunika wakati ndo walikuwa wanalitafuta hilo.

Kama kimekatika mbali sana chini, mfano nusu, angalia umbo. Meno ya mstatili, yale ya kama boksi, yana shina ambalo ni nusu tu ya upana wote, nusu nyingine ni ya jirani. Kwa hiyo kabla hujafanya kosa lolote mkazo shinani ni mara 2. Meno ya mkia wa njiwa yaliyobana shingoni ni mabaya zaidi kwa hili, shingo ikiwa theluthi ya nafasi ya jino mpaka jino, mkazo ni mara 3. Pembetatu kamili shina lake ni upana wote, ndo maana inashinda.

Alafu angalia kona ya ndani pale mashina mawili yanapokutana. Ikiwa imekatwa kali kama kisu ufa unapata pa kuanzia, iviringishe kidogo. Na angalia mwelekeo wa kuchapa: ukilichapa jino likiwa limesimama wima, tabaka zinakuwa zinakata jino katikati na litakatika kati ya tabaka na tabaka, utaona uso uliovunjika ni laini bapa kabisa. Laza kipande kitandani ili filamenti ikimbie kufuata umbo la jino, na ongeza idadi ya kuta badala ya kuongeza ujazo wa ndani.

Dalili: ufa unaanzia nchani, ukisikiliza kuna mlio mdogo mapema kabla ya kukatika

Ule mlio mdogo mara nyingi ni ncha zikibanduka. Ncha yoyote iliyo bapa ni kiungo bapa kidogo, inabanduliwa kama kiungo bapa, na inaachia kwanza, alafu ufa unatambaa toka pale kushuka ubavuni.

Hapa printa zetu zinatuadhibu. Nozeli, ile pua inayotema plastiki, ikiwa ya mm 0.4 haiwezi kuchora ncha iliyochongoka, kiuhalisia ncha inatoka kama mm 0.8 kwa sababu lazima mstari uende na urudi. Ukiwa na meno ya nafasi ya mm 4, ncha zimekula sehemu ya 5 ya kila nafasi, na hiyo sehemu jino haliibebi, shina linabaki mm 3.2 kati ya 4. Umepoteza asilimia 20 ya uimara kabla hujavuta. Ukifanya meno makubwa mara mbili, nafasi mm 8, pembe ile ile, ncha ile ile ya mm 0.8, hasara inashuka mpaka asilimia 10. Ndo sababu kwa mtu wa printa ya kawaida napendekeza meno machache makubwa, tofauti kabisa na kile ambacho macho yanataka. Kwa macho meno madogo mengi yanaonekana imara zaidi, yanafanana na zipu, lakini kila ncha unayoongeza ni ufa uliokwisha kuanza.

Acha na kanafasi kadogo nchani, robo ya milimita inatosha, ili ubavu ndo ukutane kwanza unapobana. Nchani kukikutana kwanza kuta haziji kubanana na gundi inabaki nene bila mpango.

Dalili: kinaachia pembeni kwanza, upande mmoja

Mara nyingi mchoro umeishia na nusu jino upande mmoja na jino zima upande mwingine, au kipande hakikuvutwa sawasawa kimekunjika. Fanya mchoro uwe sawa kulia na kushoto, na kagua mashimo yako ya kuning'iniza yako katikati kweli.

Dalili: kwenye kuvuta kinakaa vizuri, ukikikunja kinafunguka upande wa chini

Hii ndo ninayoipenda kuliko zote kwa sababu fuvu lenyewe linakujibu. Mishono ya fuvu la binadamu ukiiangalia kwa nje imejipinda sana, ukiliangalia fuvu lile lile kwa ndani mishono ile ile imenyooka zaidi. Umbo halikugawiwa sawa kwenye unene wote. Na juu ya sikio, pale mfupa wa pembeni unapokutana na wa juu, hamna meno ya maana, mfupa mmoja umepanda juu ya mwingine kwa mshazari kama seremala alivyounga boriti mbili kwa kuzilaza. Kila mshono una kazi yake na umbo lake.

Susan Herring na wenzake walipima fuvu la nguruwe akiwa anatafuna, wakaona kitu kizuri sana: mshono unaobanwa ndo umejipinda, unaovutwa umenyooka zaidi. Na mtoto mchanga mishono yake imenyooka, mawimbi yanakuja kadiri anavyokua na kutumia kichwa. Kwa hiyo tukichukua mchoro wa mshono uliojipinda tukaupeleka kwenye kazi ya kuvutwa na kukunjwa, tunauomba kitu ambacho mwenyewe hakuwa anafanya.

Sasa kipande chako. Ukikikunja, uso wa chini unavutwa kwa nguvu kubwa kuliko wote na katikati ya unene hakuna kitu karibu. Meno yaliyochorwa ubapa wa kipande, ukuta wima juu mpaka chini, hayajui hilo. Una njia mbili. Ya kwanza, geuza meno yaingie kwenye unene, au tumia mshazari mrefu, unene wa mm 4 upe mshazari wa mm 40. Ya pili ndo naitumia zaidi, chapa kipande kwa ngozi mbili na viungo visifuatane, kiungo cha juu kianguke katikati ya ngozi ya chini, kama fundi anavyopanga matofali.

Kobe anafanya hivyo hivyo. Waliowahi kufika Kisiwa cha Changuu pale Unguja wamewaona wale makobe wakubwa, kizazi kilicholetwa toka Ushelisheli mwaka 1919, na ile mistari mikubwa kwenye gamba lao watu wengi wanadhani ndo viungo vya mifupa. Ile ni mistari ya magamba ya juu, yanayofanana na kucha. Mifupa iko chini yake na mishono yake inapita kwingine, haikai chini ya mistari ya juu. Palipo dhaifu juu, chini pana mfupa mzima.

Dalili: umeweka mawimbi juu ya mawimbi na hakuna kilichoongezeka

Meno madogo juu ya ubavu wa meno makubwa yapo kwenye maumbile na hesabu zinaonyesha yanaweza kuongeza ukakamavu sana. Lakini mawimbi madogo yakiwa na kimo cha mm 1 na gundi yako ina unene wa mm 0.5, gundi imeyameza, kiungo hakijui kama yapo. Na nozeli nayo imeyaviringisha. Kabla hujaongeza ngazi ya pili hakikisha kimo chake ni mara 5 au zaidi ya unene wa gundi, la sivyo rudi kwenye pembetatu moja safi.

Watu wanaopenda mchoro huu wanautoa kwa amonaiti, wale viumbe wa bahari ya zamani jamaa wa pweza na ngisi, mabaki yao yanapatikana hata kwenye miamba ya Jurasiki karibu na Mombasa, wana mistari iliyojikunja kama majani ya mgiligilani. William Buckland aliandika mwaka 1836 kwamba mikunjo ile ililiimarisha gamba dhidi ya uzito wa maji, na wataalamu mpaka leo wanabishana. Ujue tu kwamba mstari ule ni pale ukuta wa ndani unapokutana na gamba, haukuwa unaunga vipande viwili vinavyovutwa. Ni mzuri kwa macho, kuuiga kwenye kiungo cha kuvutwa ni kubahatisha.

Dalili: vipande vya kufungana, vile vya mchezo wa kupanga picha, vinakatika shingoni

Shingo nyembamba, mkazo mkubwa, nimeshasema. Watu wanaichagua kwa sababu haihitaji gundi na kikianza kuachia hakiachii ghafla, na hilo ni la kweli, umbo la kujifunga linabadilishana uimara na ustahimilivu. Shida ni kwamba shingo ikikatika ghafla umekosa vyote viwili.

Yupo mbawakawa wa jangwa la California, jina lake la kisayansi Phloeodes diabolicus, gari ikimpita juu anaweza kuinuka akaondoka. Mwaka 2020 kundi la David Kisailus na Pablo Zavattieri lilichapisha kwenye jarida la Nature kwamba anavumilia mpaka nyutoni 149, karibu mara 39,000 ya uzito wake. Mabawa yake ya juu hayafunguki tena, yameungana mgongoni kwa mshono wa kujifunga, vichwa mviringo vimeingia kwenye mashimo. Siri yake iko kwenye tabaka. Kila kichwa kimejengwa kwa tabaka nyembamba zinazofuata umbo lake, ukivuta sana tabaka zinaachana kidogo kidogo ndani ya kichwa, zinakula nguvu, na shingo haikatiki kwa pigo moja.

Hiyo tunaweza kuiiga kwa kiasi. Weka kuta nyingi, 6 au 8, mpaka kichwa chote kiwe kimejaa mistari inayozunguka umbo, ujazo wa ndani usiwepo kabisa. Shingo inenepeshe mpaka ikaribie upana wa kichwa, kinachofunga ni tofauti ndogo tu, na kona zote ziwe mviringo. Ukikivunja kile cha kuta nyingi utaona nyuzi nyeupe zimevutika pale shingoni badala ya uso mmoja uliokatika safi.

Dalili: ndoo kinabeba vizuri, kikidondoka sakafuni kinapasuka kama glasi

Umefanya kila kitu sawa, pembe nzuri, gundi ngumu ya bei, lita nyingi, alafu kimeanguka toka mezani kikagawanyika. Hapa ndo namrudia mbuzi wangu. Mwaka 1990 Carolyn Jaslow alichapisha vipimo vya mishono ya fuvu la mbuzi, akaikunja polepole na akaigonga. Ukiikunja polepole mshono ni dhaifu kuliko mfupa. Lakini kwenye kugongwa mshono ulimeza nishati asilimia 16 mpaka 100 zaidi ya mfupa kwa ujazo ule ule, na uliojipinda zaidi ndo ulimeza zaidi. Ile kolajeni laini, ambayo kwenye ndoo ya maji ungeiona udhaifu, ndo inayomwokoa akigongana.

Na laini haimaanishi legelege. Yule kobe wa maji wa Amerika mwenye alama nyekundu pembeni ya kichwa, Peter Fratzl, Ron Shahar na wenzao walionyesha mwaka 2009 kwamba mishono ya gamba lake inaachia kidogo kwa mzigo mdogo, anaweza kupumua na kujongea, mzigo ukikua meno ya mfupa yanakutana na gamba zima linakaza. Meno ndo yanaweka mpaka wa ulaini.

Kwa hiyo badilisha gundi. Epoksi inayonyumbuka, au gundi ya viatu ile ya kunyumbuka, ama chapa utepe mwembamba wa TPU, plastiki inayonyumbuka kama mpira, wa mm 0.4 uukalishe kati ya meno na uugundishe pande zote mbili. Gundi laini ikitelezeshwa inavumilia mkazo mdogo kuliko ile ngumu, kwa hiyo rudia ile hesabu ya pembe kwa namba ya gundi mpya, itakutaka uchongoe zaidi. Ukiwa na gundi ya megapaskali 3 juu ya plastiki ya 50, pembe nzima inashuka mpaka kama digrii 7, meno marefu kweli kweli, shina la mm 6 lina urefu wa karibu mm 50. Kama nafasi hiyo huna, punguza matarajio ya ndoo, usipunguze ulaini, kama kazi ya kile kitu ni kugongwa.

Kupima kugongwa tumia jiwe lile lile, urefu ule ule, lidondoshe ndani ya bomba la PVC ili lisiyumbe, kipande kikiwa kimelazwa juu ya matofali mawili, anza sentimita 10 panda kwa 5. Na weka vipande vyote vilivyovunjika kwenye mfuko mmoja, andika pembe na gundi kwa kalamu ya wino mzito juu ya plastiki yenyewe, maana wiki ijayo vyote vitakuwa vinafanana.